Pakiti ya Kitanda cha Dirishani

Nje, ukungu wa Agosti umeumeza mlima wa Salala,
na wageni waliotoka Dubai wanapiga picha ngamia.
Ndani, nazungusha mkanda mkononi mwa Bakhiti:
nyekundu. Bado nyekundu.
Mkono mzima haushindi vidole vyangu viwili.

Anahara tangu ng'ambo ya mpaka, asema mama yake,
tangu kabla ya lori la mbuzi.
Asema kwa Kimahri; mfagiaji anifasiria kwa Kiarabu;
nami nayapanga moyoni kwa Kiswahili cha bibi,
maana ugonjwa wa mtoto
siuelewi vizuri kwa lugha nyingine.

Leo daktari kaleta pakiti.
Unga mweupe, kijiko kimoja, na ndani yake vijidudu
wema, wasema, waliolala,
waamke tumboni wawatimue wabaya.
Nusu ya pakiti zina vijidudu. Nusu, wanga mtupu.
Nani kapata ipi, daktari mwenyewe hajui.
Jibu liko Maskati, ndani ya bahasha.

"Wako hai?" auliza Thumna.
Kama wamo, wako hai.
Acheka, mara ya kwanza tangu Jumanne.
"Mwanangu hana hata chakula chake,
nanyi mwamletea wapangaji!"

Bibi yangu, kule Ibra, alitikisa maziwa
katika kiriba cha ngozi ya mbuzi
huku akimsema jirani kwa Kiunguja.
Nikikunja pua, aliniambia:
Hayajaoza haya. Yamepata akili.
Hakujua jina la mdudu hata mmoja.
Wala yeye hakumlisha mtoto
ambaye ngozi ya tumbo, ukiifinya,
inabaki imesimama.

Nakoroga. Namwaga taratibu kwenye mpira wa puani,
kisha maziwa ya tiba, mililita kwa mililita.
Thumna achukua pakiti tupu, aikunja mara nne,
aifunga kwenye pembe ya shela
palipo na funguo za nyumba asiyojua kama ingali imesimama.
Simkatazi.

Usiku wa kwanza, mara tisa.
Wa pili, mara saba.
Wa tatu, mara nane, na homa, na mguu baridi,
nikakaa naukanda hadi adhana.
Huenda ni wanga. Huenda ni wao, wanapigana.
Huenda ni chumvi na maji na kijiko tu.

Usiku wa nne napima nepi kwenye mizani.
Mara sita.
Naandika sita.
Kalamu yataka kuongeza neno,
nami naifunika.