Kono la Chini

Wiki ya pili sasa gari lasema ngo.
Si ngo ya mlango, si ngo ya kikombe,
ni ngo ya mfupa ulioachana na mfupa.
Tuta la pale kwenye kinu cha mahindi: ngo.
Shimo la maji machafu: ngo, ngo.
Na kwenye lami laini ya Changamwe
hunyamaza, kama mtoto mbele ya mgeni.

Mume wangu alisema shokabu.
Jirani Mwanamkuu, asiyejua hata kuwasha taa za lake, naye shokabu.
Fundi wa Jomvu alisema shokabu zote nne,
akataja bei kabla hajapiga magoti.

Nikamwandikia shemeji yangu Shebwana ujumbe,
maana simu ya kusema haimfai.
Miaka kumi na tisa bandarini chini ya winchi,
kontena likitua juu ya kontena,
bandari ilimla masikio polepole:
kwanza ndege,
kisha adhana ya mbali, kisha ya karibu,
kisha jina lake.

Alikuja Jumapili, jeki ndani ya gunia la sukari.
Hakuniuliza gari lasemaje.
Aliegemeza viganja kwenye pembe ya boneti, akasukuma.
Likashuka, likapanda mara moja, likatulia.
"Shokabu nzima!"
Sauti ya mtu asiyejua sauti yake imefika wapi.
Mwanamkuu akafunga dirisha.

Jeki, stendi, tairi la akiba chini ya ubavu.
Akalala juu ya kadibodi ya televisheni,
akanipa mtaimbo,
akaweka vidole kwenye kila kiungo
kama mama atafutaye homa.
Pinua, akaashiria. Nikapinua.
Linki, hapana.
Boljointi, hapana.
Kono la chini, bushi ya nyuma:
mimi nikasikia ngo,
yeye akafumba macho.
"HAPA."
Sikio langu na kidole chake vikakutana
kwenye mpira uliopasuka, mkavu kama kisigino.

Bushi peke yake yataka mashine ya kuikamua.
Nikaenda Mwembe Tayari, nikanunua kono zima,
lililotumika Japani, nchi isiyo na Mikindani.
Muuzaji aliapa kwa watoto wake watatu.
Mimi nilibonyeza mpira kwa ukucha. Ukarudi.

Nati ya zamani ilikataa.
Huku chumvi hula chuma usiku, mchana humeza.
Tukainywesha mafuta, tukanywa chai.
Tukatia bomba kwenye spana, tukaning'inia sote wawili,
na ilipoachia ilipiga mlio wa bunduki;
kuku wa mtaa wakatawanyika,
Shebwana akashangaa wamekimbia nini.

Kono jipya likaingia. Nikashika spana nikaze.
Akanizuia mkono.
"Bado. Ukilikaza likining'inia,
mpira utazoea kuning'inia.
Siku ya kushuka utajinyonga hadi ukatike.
Lishushe kwanza, libebe uzito wake. Ndipo ukaze."
Nikafikiria mambo fulani ya nyumbani kwangu.
Sikuyatamka. Angeyasoma mdomoni.

Tukalishusha. Likabeba. Tukakaza.

Nikalipitia tuta la kinu.
Kimya.
Nikageuza, nikalipitia tena.
Kimya. Shebwana hatazami njia,
anitazama mimi usoni,
maana habari zake za barabara zimo humo.
Nikamchekea, akapiga dashibodi kofi la furaha.

Mara ya tatu:
tiki.
Tiki-tiki, kidogo, kama jino la mtoto.
Uso wangu ukanisaliti.
Akashuka kabla sijasimama vizuri,
akajilaza mchangani na shati lake la Jumapili,
akaingiza mkono hadi begani
na kuutoa na spana ya kumi na nne,
ile tuliyoitafuta saa nzima,
tukamshuku mtoto wa Mwanamkuu.