Chupa ya Bi Verna

Hapa Yakima, kwenye kabati la jikoni,
kati ya chumvi na mdalasini,
Bi Verna Stolze ameweka chupa ya achari
isiyo na achari.
Ndani mna vumbi la kijivu, laini kama saruji iliyochekechwa.
"Shika," aliniambia. "Huo ndio mlima."

Nikaushika mlima kwa mkono mmoja.

Alikuwa akianika shuka, Jumapili ya mwezi wa tano,
mwaka wa themanini.
Wingu likaja kutoka magharibi, halina harufu ya mvua.
Saa nne asubuhi taa za barabarani zikajiwasha,
kuku wakarudi bandani.
Hakusikia kishindo. Alisikia majivu tu juu ya bati,
kama mtu anayepepeta mchele gizani.

"Na kwenu?"

Kwetu Goma, nikasema, mlima haukuja kwa hewa.
Ulikuja kwa miguu.
Uliteremka barabarani, mwekundu,
ukapita dukani kwa baba mdogo,
ukaingia sebuleni bila kupiga hodi.

Sufuria ilikuwa motoni. Nikampa mwiko.
Tazama, uji ungali mwepesi:
povu linapanda, linapasuka, linakwenda zake.
Ukijaa, unamwagika, basi.
Huo wa kwetu.
Sasa ongeza unga. Ongeza.
Pumzi imenaswa chini, haina pa kutokea,
juu panavimba,
panavimba kama ubavu wa mlima wako
uliovimba wiki nzima nzima watu wakiupima kwa kamba za macho,
hadi ardhi ilipotikisika, ubavu ukaporomoka,
na kizibo

pwaa!
Tone la moto kwenye kifundo cha mkono.
Huo wako.

Akacheka huku akijipuliza.
"Na moto, aliuwasha nani?"

Nikasita, maana jibu si moto.
Ni maji.
Sakafu ya Pasifiki inajipenyeza chini ya bara hili
kwa mwendo wa kucha zinavyoota,
imebeba maji ndani ya mawe yake.
Kule chini yanakamuliwa, yanapanda,
yanagusa mwamba uliovumilia joto miaka yote
nao unalegea.
Maji, Bi Verna. Haya haya ya kuzimia.

Akanyamaza, mkono chini ya bomba.
Kisha akataka kujua: nami nimeweka wapi
kipande changu?

Hatukukiweka chupani.
Kilipopoa, tulikijengea ukuta.