Kumbukumbu za Kikao

Miaka kumi na mmoja nimeandika
sentensi ileile:
"Wananchi walishirikishwa."

Wananchi gani, na kikao kilikuwa saa mbili unusu asubuhi, kisiwani,
chai ya tangawizi, kaimati, viti vya mito,
na Likoni nzima ingali kwenye foleni ya feri?

Leo tume imevunjwa, imeundwa upya.
Meza tumeivusha ng'ambo. Ikavunjika mguu njiani;
tukautegemeza kwa jalada la kanuni za zamani.

Mejumaa wa Mtongwe kakaa ubavuni mwa Bwana Hasmukh.
Hawatazamani.
Kadzo anatoka Shika Adabu, ila leo hakuishika:
"Kwenu maji hutoka siku ngapi kwa wiki?"

Bwana Hasmukh kageuza kikombe mara mbili.
"Saba."

"Kwetu moja. Tena usiku."

Feni ikazunguka. Mtu akakohoa.
Mwenyekiti mpya akanikonyeza, vilevile kama yule wa zamani:
hilo usiliandike.

Nimeliandika.
Saba. Moja. Usiku.
Na pembeni, kwa wino uliovuja kidogo,
nikamuuliza yule mama jina lake la pili
linaandikwaje.