Mkwe Asiyetajwa Jina

Jina lake sijui kulitamka.
Lina konsonanti zilizosongamana kama kuni mzigoni
na irabu moja imebanwa katikati, inaomba hewa.
Kwa hiyo namwita Mkwe.
Kwetu Maragoli jina la mkwe halitajwi ovyo,
wala humsogelei. Unampisha njia,
unasikia kikohozi chake ng'ambo ya ua,
na hicho pekee kinatosha
kukufanya uweke sawa kitambaa cha kichwa.

Ndivyo ninavyomsikia huyu wangu.
Saa nane za usiku, kiwanda cha chai, Mudete,
majani yamelazwa kwenye vitanda vya waya yanyauke,
feni zinavuma sauti moja, ileile, mwaka wa kumi na nne.
Sikio la kushoto nimemwachia msimamizi.
La kulia nimempa Mkwe.

Anaanza na fidla moja, nyembamba,
kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi.
Halafu ya pili. Halafu arubaini.
Feni, bila kuambiwa na mtu, zinashika sauti ya chini.
Ninageuza majani, ninageuza,
na kwenye dakika ya nne na sekunde kumi na moja
(naijua kama tarehe ya kuzaliwa ya mtoto)
tuba linaingia.

Hapo ndipo baba anapopanda mlima.

Sajenti Endeki, bendi ya Jeshi la Wokovu,
sare nyeupe iliyopigwa pasi ya makaa,
tuba lake limebonyea ubavuni tangu lilipomponyoka darajani.
Anapanda kutoka mto Edzava, umande kwenye viatu,
anapuliza noti ndefu chini ya wimbo wa wenzake,
noti ambayo hakuna aliyewahi kuipigia makofi.
"Tuba ni msingi wa nyumba," alizoea kusema.
"Wageni husifu pazia."
Mashavu yake. Sijasahau mashavu yake.

Tulimzika Agosti, udongo ukiwa mbichi,
na bendi ilipiga bila besi
kwa sababu besi alikuwa yeye.
Wimbo ulielea tu juu ya migomba,
haukuwa na pa kukanyaga.

Miaka sita nimeitazama filamu hiyo hivyo:
mlima, sare, umande, mashavu.
Filamu yenyewe sijaiona.

Hadi Kedogo, mtoto wa kaka yangu, alipokuja likizo
na tarakilishi ya kuazima. "Shangazi, leo utaiona."
Nikakaa ukingoni mwa kochi, nimejitanda leso,
kama mtu aliyeitwa kumchungulia mkwe akioga.
Fidla ikaja. Goti likaanza kutetemeka.
Nikahesabu kwa vidole, na tuba likaingia,
na mzungu mmoja akaegesha gari.

Basi.
Anaegesha gari nje ya benki.
Anazima taa. Anatafuta miwani.

Nilicheka hadi Kedogo akasimamisha picha,
nikacheka hadi kicheko kikawa maji.
"Hukuipenda?"
"Nimeipenda sana," nikamwambia. "Zima."

Usiku ule kiwandani niliogopa kumfungulia Mkwe.
Niliona kama nimemvunjia heshima,
au yeye kanivunjia, sijui.
Nilipomfungulia, gari likaja, lile lile, la kijivu,
likaegeshwa juu ya mlima wangu
na baba hakutokea.
Usiku wa pili vivyo hivyo: taa, miwani.

Usiku wa tatu, dakika ya nne,
gari lilikwama kwenye tope la Edzava.
Mzungu akashuka, suruali imelowa hadi magotini,
akaangalia huku, akaangalia kule.
Baba akaliweka tuba lake kwenye nyasi, taratibu,
akakunja mikono ya sare,
akaanza kusukuma.

"Unacheka nini?" msimamizi akauliza,
kwenye sikio la kushoto.
Nikageuza majani.