Moja kwa Sabini na Mbili

Kavira anauliza kwa nini rangi yake ya kucha
inapungua bila kucha kupakwa.
Nanyamaza. Iko kwenye mkia wa Antonov,
mstari mwekundu mwembamba kama kovu la wembe,
na bado haujakauka.

Sanduku lilitoka kwa fundi wa ndege za mizigo
aliyepanga chumba kwa mama, kule Birere.
Mtu mrefu. Alikula sombe kwa kijiko cha supu
na Kiswahili chake kilikuwa neno moja: kesho.
Siku alipoondoka alilipa kodi
kwa sanduku hilo na kaseti tisa.
Maandishi ya sanduku ni Kirusi,
nyimbo za kaseti ni Kiingereza.
Vyote viwili navisoma kwa vidole.

Usiku, betri ya sola ikibakiza kidogo,
naweka kaseti ya tatu.
Ngoma inaingia kwa kuburuta mguu,
chukudu yenye magunia matano ya viazi
ikipanda, haina haraka, haina breki.
Kisha gitaa.
Wanaosema gitaa huimba hawajalisikia hili.
Hili linadai deni.
Mpigaji anaukamata uzi mmoja, anauvuta pembeni,
anauvuta hadi pale unapotaka kukatika,
hapo hapo anauacha uning'inie,
nami, na kibano changu, na kioo cha dirisha
kisichozidi punje ya mahindi,
sipumui.

Jirani yangu Kakule hupiga gitaa kwenye kwaya.
Anasema muziki huu hauna mwanzo wala baraka:
«Hatua kumi na mbili, halafu wanarudi walikotoka!»
Namwambia, Kakule,
ni ndege gani uliyoishangilia kwa kutorudi?
Akacheka. Lakini mguu wake chini ya meza
ulikuwa umeshajiunga nao zamani.

Kwa kipimo hiki mtu mzima
ni nusu ya kijiti cha kiberiti.
Nyumba yetu ya sasa, mabati, choo na vyote,
ingeingia sandukuni mwa viatu.
Na lile jiwe jeusi lililoshuka mlimani likiwaka,
likamega njia ya ndege, likaketi juu ya kitanda cha mama,
mita tatu, walipima watu wa msaada,
lingekuwa unene wa vidole viwili.
Vidole viwili.
Nimevilaza mezani, kando ya bawa,
nimevitazama hadi upande wa kaseti ukaisha.

Mama alitoka na sufuria, na godoro,
na sanduku hili kichwani.
Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani kesho ipo.

Panya walikula karatasi ya maelekezo
kuanzia hatua ya kumi na tatu.
Kwa hiyo magurudumu ya mbele nimeyakisia,
kama mwimbaji huyu anavyokisia maneno
akifika mahali asipotaka kusema.

Zamani zilipita juu ya bati letu, chini kabisa,
vikombe vikazungumza kabatini,
nasi tukazitukana kwa lugha tatu.
Sasa uwanja umefungwa.
Anga limekaa kama redio isiyo na mawe,
na mwanangu Katungu, akisikia kishindo,
haulizi tena ni ndege ya wapi.

Nimeitundika kwa uzi wa kuvulia sambaza
juu ya spika, karibu na dari.
Besi inapiga, uzi unatetemeka,
pangaboi la kushoto linazunguka robo, linasita.
Katungu anasema inakuja.
Nasema inaondoka.
Tunabishana hivyo hadi betri inakata.

Gizani Kavira anapita na tochi ya simu.
Anamulika tumbo la ndege, mkia, mkia tena.
Anaweka kichupa mezani.
«Hii ni ya franka mia tano. Paka nayo. Ile yangu niachie.
Na upande wa pili mstari umepinda.»