Pimamaji

Sizimi injini. Hata mgongo sijaunyoosha,
naweka pimamaji juu ya jokofu
na kungoja kiputo kiamue.

Mimi ni dereva wa gari la kliniki,
Muheza hadi Magoroto, Magoroto hadi Bosha.
Wenzangu hubeba machungwa. Mimi nabeba ubaridi
unaopikwa kwa moto.
Msinicheke. Chini kuna mwali wa gesi, mdogo kama kidole cha mtoto,
unaichemsha amonia ndani ya bomba.
Mvuke unapanda, unapoa, unageuka majimaji,
na majimaji yanarudi yenyewe kwa kuteremka.
Hakuna pampu, hakuna mota. Mteremko tu,
ule alioupima fundi wa kiwandani.
Ukiongeza wako, yanatuama konani,
na mwali haujui, unaendelea kuchemsha pakavu.

Barabarani hakuna neno. Makorongo ya Mashewa
yanalirusha huku, yanalirusha kule,
na katika kurushwa kila tone hupata zamu yake.
Ubaya ni kusimama.
Ubaya ni kusimama upogo, ukapitiwa na usingizi.

Nililala hivyo mara moja, Bombani, mvua za vuli,
tairi la kushoto juu ya tuta la mihogo.
Nikasema: vidole viwili tu, kitu gani.
Alfajiri Nesi Mwanjaa akafungua mlango,
akatoa kichupa, akakigeuza kwenye tochi.
Kile kimraba cha lebo kilikuwa kimeingia giza.
Hakunigombeza. Alirudisha mlango taratibu
kama aliyeacha mgonjwa ndani,
akatoka kuwaambia akina mama
(arobaini na mmoja, nilihesabu mbeleko)
kwamba leo hakuna sindano ya surua.
Mmoja alikuwa njiani tangu saa tisa usiku.
Alimenya chungwa, akampa mwanawe, akaondoka.

Na jokofu halikufa siku ile. Ndiyo tabia yake.
Lilipoa tena, likatudanganya miezi minne,
huku ndani ya bomba chumvi inaganda
punje kwa punje, bila kelele.
Fundi Shekiondo alipanda kutoka Chumbageni,
akaligonga kwa mpini wa bisibisi,
akasikiliza kama mtu anayechagua nazi.
"Mlilala wapi na hili?"
Nikatazama viatu vyangu.
Tulilipindua kichwa chini siku mbili,
dawa ya watu wa zamani, wakati mwingine hufaa.
Halikuamka.

Tangu hapo jicho langu limeharibika.
Naona chai inavyoegemea ukingo wa kikombe mgahawani.
Naona mizani ya muuza dagaa inavyomwonea mnunuzi.
Nyumbani, Makorora, nikapima hata kitanda:
kiputo kikakimbilia upande wangu, upande wa juu.
"Kumbe," akasema Kibibi, "miaka sita nalala bondeni
nikidhani ni uzito wangu mwenyewe."
Nikatoka nje kutafuta kipande cha ubao,
nikakaa huko muda mrefu kuliko ubao ulivyohitaji.

Leo Magoroto, jokofu jipya, uwanja uleule mbovu.
Watoto wameshaizoea kazi: wanaleta mawe bapa,
wanabishana lipi liende wapi.
Mhina, wa darasa la pili, amepewa cheo cha jicho.
Anapanda kwenye ngazi ya gari, anakunja uso.
"Bado. Kinakwenda kwa nesi."
Narudi nyuma shubiri moja.
"Bado. Sasa kinakuja kwako."
Jiwe jingine, jembamba, chini ya tairi la kulia.
Akina mama wamekaa kwenye nyasi, hawaulizi kitu.

Kiputo kinasita baina ya mistari miwili,
kinatetemeka na mlio wa injini.
"Hapo," anasema Mhina. "Hapo hapo, usipumue."

Nazima.
Nesi Mwanjaa anafungua daftari, anaita jina la kwanza.