Kasoro

Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga mikanda,
Minza wa karakana, spana kumi na tatu mfukoni,
grisi hadi kwenye kiwiko.
Nikimpa fomu aweke sahihi kwamba ndege ni nzima
hucheka: "Uzima wake nitaujua nikirudi."

Luhende Nkwabi, wakati huo meja.
Kila ndege iliyotoka matengenezo pale Ilemela
yeye ndiye wa kwanza kuipandisha.
Huigonga ubavu kwa kifundo cha kidole, mara tatu,
kama mama anayechagua tikiti sokoni Kirumba,
kisha hutega sikio. Siku nyingine hushuka ngazi
bila neno. Tunafungua, tunakuta ufa
mwembamba kuliko mwiba wa dagaa.

Kuna siku aliizima injini makusudi, juu ya ziwa,
ajue itamtendaje siku ikijizima yenyewe.
Sisi chini, pumzi tumezishika, tunahesabu.
Kwenye thelathini na nane ikakohoa, ikawaka.
Akaandika, kwa mwandiko wa darasa la pili:
Kasoro: inachelewa kuamka. Kama mimi.

Wakaja wageni na vipimo vyao.
Wakamzungusha, wakamgandisha, wakamfungia gizani siku tano,
wakamchukua ughaibuni, na kutoka huko, juu,
hadi pale ambapo juu hakuna tena.
Siku kumi na moja. Mama yake, Bi Holo,
aligoma kutazama televisheni:
"Mtoto akiwa mtini hakodolewi macho. Ataanguka."

Aliporudi wote swali lao moja,
mkuu wa mkoa, wanafunzi, muuza sambusa:
Uliiona Mwanza?
Niliiona, na mawe yake.
Makofi.

Mimi aliniambia kweli, tumekalia tairi bovu:
"Mchana wingu tupu, Minza, limefura
kama uji unaotaka kumwagika.
Usiku ndipo nilipoona. Mwezi haupo,
karabai za wavuvi zimetulia, punje punje,
na radi inatambaa kuwafuata.
Nikapiga kelele. Mle ndani, kwa Kisukuma, nikapiga kelele.
Dakika tano, nikawa juu ya bahari."

Wakampa kiti. Cha ngozi, na bendera mbili,
Mkurugenzi wa Tahadhari za Ziwa,
cheo kirefu kuliko bajeti yake.
Watu wakasema ameshuka, mpaaji sasa mgonga mihuri.
Na kweli, nilimwona akizidai betri mia sita
miezi minane, barua juu ya barua,
hadi alipoliweka faili mezani, akaligonga
kwa kifundo cha kidole, mara tatu,
akatega sikio.
Betri zilikuwa zimeshanunuliwa. Mara mbili.
Hazikuwa zimefika hata mara moja.

Juzi alfajiri, Igombe, dhoruba imepita,
redio niliyoitengeneza mwenyewe ikakwaruza:
"Ngapi?"
Zilitoka arobaini na moja, afande. Zimerudi arobaini.
Hakujibu. Nikamsikia akihesabu,
polepole, kama tulivyokuwa tukihesabu sisi.

Saa tatu kasoro dakika nane
mashua ikachomoza nyuma ya mawe, inavutwa kwa kamba,
watu wanne, wamelowa, wanatetemeka, mmoja anatukana.
Zote, nikasema. Zote, afande.

Kimya kirefu. Kisha:
"Waulize injini ilianza kukohoa lini."